Amevaa bresi ya mgongo, mazoezi afanyeje?

SWALI: Binti yangu ana miaka 13. Eksirei imeonyesha uti wa mgongo umepinda kwenda kulia kwa nyuzi 30, sehemu ya kifua, akapewa bresi ya plastiki ya kuvaa saa 18 kwa siku. Naogopa misuli italegea. Avue ndipo afanye mazoezi? – Mama mzazi, Tanga

JIBU: Mama, mengine avue, lakini ya muhimu hufanywa bresi ikiwa mwilini, mikanda imekazwa hadi kwenye alama. Bresi husukuma tu: pedi, yaani kimto kigumu cha ndani ya bresi, inakandamiza mbavu za kulia zilizotuna, na kushoto imeachwa nafasi tupu. Mtoto akichoka huiegemea pedi, misuli ikalala. Mazoezi yanamfundisha kuikimbia pedi.

Aanze kabla ya kula. Alale chali, magoti juu, nyayo sakafuni; akaze tumbo, akandamize kiuno chini, ahesabu hadi tano, alegeze. Mara 10.

Kisha aketi kwenye kigoda mbele ya kioo. Ajirefushe kama aliyejitwika ndoo, ausogeze ubavu wa kulia utoke kwenye pedi kwenda kushoto, mabega yakibaki sawasawa. Wewe pitisha kidole kati ya pedi na ubavu, kikipita, amepatia. Akiwa hapo hapo avute pumzi kwa pua, aijaze ile nafasi tupu mpaka fulana iguse plastiki, aitoe taratibu kwa mdomo. Pumzi tano, apumzike, arudie mara tatu. Pande hizi ni za mgongo wake. Mtoto mwingine apangiwe zake na mtaalamu wa fiziotherapia.

Wengi hukosea kwa kubana pumzi na kupandisha bega: shingo inachoka, mgongo haujafanya lolote. Bresi ikiwa imevuliwa, asilale kifudifudi na kuinua kifua juu. Migongo hii mara nyingi imekuwa bapa kati ya mabega, na zoezi hilo huizidisha. Kuogelea na netiboli ni ruhusa.

Ila saa za bresi zisipunguzwe kwa sababu ya mazoezi. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa kati ya waliovaa takriban saa 13 au zaidi kwa siku, 9 katika 10 walimaliza kukua bila mgongo kupinda hadi nyuzi 50, kiwango ambacho kwa kawaida upasuaji hufikiriwa.

Avae fulana ya pamba isiyo na mshono, bila mafuta chini ya pedi. Wekundu ukipita nusu saa baada ya kuvua, au yakitokea malengelenge, mrudisheni kwa fundi wa bresi. Pedi msiikate nyumbani.