Badilisheni soko kwanza, bidhaa mtaifikia

Mkuu, umeuliza eneo linalotegemea zao moja na mnunuzi wa nchi moja lianzie wapi, bidhaa mpya au soko jipya. Nimekaa miaka kadhaa kwenye ushirika unaouza nje, na ninachokuomba ni kimoja: msifanye yote mawili kwa mpigo. Sisi tulijaribu, tukaumbuka.

Tulichukua bidhaa tusiyowahi kuisafirisha, tukaipeleka nchi tusiyowahi kuuza. Sampuli zilipendwa, lakini kontena lilipofika likazuiwa, na mzigo wenyewe hauna doa! Kosa lilikuwa paleti. Mbao za kubebea mzigo kwa kawaida zinatakiwa zipashwe joto mpaka katikati ya ubao pafike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, kisha zigongwe alama ya ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wa mbao, ile yenye shuke la ngano. Zetu zilikuwa za fundi seremala, misumari na basi. Gharama za bandarini zikala faida yote, na mnunuzi akaacha kupokea simu.

Mara ya pili tukabeba zao letu lile lile. Tukaingia Trade Map, tovuti ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva, tukaweka tarakimu 6 za msimbo wa forodha unaotambulisha zao letu, tukaona nani ananunua na kutoka wapi. Wengi hukimbilia nchi inayoongoza kwa manunuzi. Huko wakubwa wameshajipanga. Sisi tulitafuta ambako manunuzi yanapanda mwaka hadi mwaka na hakuna muuzaji mmoja aliyehodhi soko.

Kushika zao lile lile na kubadili soko ndivyo walivyofanya Waaustralia. Mei 2020 China iliitoza shayiri yao ushuru wa zaidi ya asilimia 80. Hawakuacha kulima shayiri. Waliipeleka Saudi Arabia kwa chakula cha mifugo, na ya kutengenezea bia ikafika hadi Mexico. China iliuondoa ushuru ule Agosti 2023.

Halafu someni viwango kabla ya kusaini chochote. Karanga za kuliwa moja kwa moja zikiingia Umoja wa Ulaya, aflatoksini, yaani sumu ya ukungu, zote kwa jumla zisizidi mikrogramu 4 kwa kilo. Kwingine wanaruhusu zaidi.

Bidhaa mpya? Yetu ilitoka kwa mnunuzi. Baada ya kontena la tatu akauliza kama tunaweza kumfungia mzigo ule ule kwenye pakiti ndogo za rejareja. Tukamwomba atutumie pakiti moja tupu tuione.