Goti jipya na baiskeli ya kuegemea: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini ulipoijaribu dukani ile baiskeli ya kuegemea ya magurudumu matatu, goti ulilobadilishiwa lilibana kila pedali iliporudi kwako, na kama uinunue hivyohivyo. Daktari ameshakuruhusu kuendesha, kwa hiyo tuzungumzie baiskeli yenyewe.

Kinachokubana ni urefu wa mikono ya pedali, yaani vile vyuma viwili vinavyozunguka na pedali. Baiskeli nyingi za watu wazima huja na mikono ya milimita 170 au karibu na hapo. Maana yake pedali husafiri milimita 340 kutoka mbali hadi karibu, na ikifika karibu inadai mkunjo ambao goti lako bado halina. Hapo utaona tako la upande huo linanyanyuka kitini, au goti linachepuka nje kukwepa. Watu wengi husukuma mbele lile bomba linaloshika pedali. Kubana kunapungua, lakini pedali ikifika mbali mguu unavutwa kupita kiasi, na nyuma ya goti inaanza kuuma.

Mwambie fundi afunge mikono ya milimita 150, kisha asogeze bomba mbele milimita 20. Mguu ukinyooka utafika palepale ulipokuwa ukifika, ila ukikunja unapata milimita 40 za nafasi, na kwa goti lako hizo ni nyingi sana. Cheni itahitaji takriban milimita 40 zaidi, na pingili moja ni milimita 12.7, kwa hiyo fundi aikague kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma. Ikiwa fupi, itakaza pale na inaweza kuvunja kibadilisha gia.

Bomba lipime hivi: vaa viatu utakavyoendeshea, weka kisigino kwenye pedali ikiwa mbali kabisa. Mguu unyooke bila kunyoosha nyonga. Ukihamishia pedali chini ya vidole, goti litabaki na mkunjo mdogo. Kama goti bado halinyooki lote, bomba lirudi nyuma kidogo, usililazimishe.

Jambo ninalokusihi zaidi ni miguu ifungwe. Kwenye baiskeli hizi mguu uko hewani mbele ya fremu. Unyayo ukiteleza na kugusa lami wakati unakwenda, baiskeli inaupanda na kuuvuta nyuma chini ya fremu, goti likapindishwa. Nunua pedali zenye kikombe cha kisigino na mkanda. Viatu vya kubana kwenye pedali viache kwanza, kwa sababu kuvichomoa kunataka kuzungusha kisigino, na goti jipya halipendi kusokotwa.

Gia iwe nyepesi daima. Mgongo wako umeegemea kiti, kwa hiyo unaweza kusukuma kwa nguvu kuliko uzito wa mwili wako, na mzigo wote unapita gotini. Hesabu goti moja linapanda mara ngapi kwa sekunde 15: 15 hadi 20 inatosha. Punguza gia kabla hujasimama, maana gia za cheni hazibadiliki pedali zikiwa zimetulia.

Anza dakika 10 kwenye tambarare. Goti likiamka asubuhi limevimba kuliko jana, punguza. Shavu la mguu likiuma na kuvimba, au kidonda kikiwa chekundu na una homa, usisubiri. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kiti nacho kisiwe chini mno. Zenye magurudumu mawili mbele huwa chini; yenye moja mbele, kama Hase Kettwiesel ya Ujerumani, huinua kiti na kuinuka kunakuwa rahisi, ila ipunguzie mwendo kabla ya kona kwani hupinduka haraka zaidi. Yoyote utakayochagua, funga breki ya kuegesha kwanza, nyoosha mbele mguu wa upasuaji, ndipo ukae taratibu ukishika fremu ya kiti.

Kabla hujalipa, angalia nyuma ya mkono wa pedali, karibu na tundu la pedali. Urefu huwa umechongwa pale. Niandikie namba utakayoiona.

Mama yako