Mtoto Mdogo Kwenye Tamasha: Kaeni Karibu na Njia ya Kutokea

Wazazi wenzangu wakiniuliza wakae wapi kwenye tamasha la muziki wa watoto, jibu langu ni lilelile: nyuma kidogo, pembeni, karibu na njia ya kutokea. Wengine hawafurahi. Mtu amelipa pesa yake, amemvalisha mwanawe nguo ya Iddi, halafu unamwambia akae nyuma? Ndiyo. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji nafasi ya kurukaruka, anahitaji masikio yasiyoumia, na anahitaji mzazi anayeweza kumtoa nje haraka akichoka. Viti vya mbele havimpi hata kimoja kati ya hivyo.

Nianze na masikio, maana hapa Kampala hili ndilo tunalolipuuza kuliko yote. Tumezoea spika kubwa: kwenye harusi, kwenye mikutano ya injili, mbele ya maduka ya simu. Mtangazaji akishika maikrofoni anataka asikike mpaka barabara ya pili, hata kama mbele yake wamekaa watoto wa chekechea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kujidhuru. Ikipanda hadi 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Kwa watoto kipimo kinachopendekezwa ni cha chini zaidi, desibeli 75 kwa saa hizo 40. Seli za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena, na mtoto mdogo hawezi kukwambia kwamba masikio yanamvumia. Atalia tu, nawe utadhani ana njaa.

Kwa hiyo tafuta spika zilipo kabla hujatafuta kiti. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Hatua chache za kurudi nyuma ni kinga isiyokugharimu shilingi. Mimi hubeba pia vikinga masikio vya kufunika, vile vinavyofanana na hedifoni. Vile vidogo vya kuingiza ndani ya sikio simpi mtoto, kwa sababu huvichomoa na kuvitia mdomoni. Mvalishe nyumbani siku mbili tatu kabla, acheze navyo, avizoee. Ukimvalisha kwa mara ya kwanza katikati ya kelele atavitupa chini. Na kama huna kipimo cha sauti, ongea na aliye hatua moja kutoka kwako: ikibidi upige kelele ndipo akusikie, hapo si mahali pa mtoto.

Sasa, tamasha lipi? Ushauri wangu ni kuanza na ngoma zetu. Katika kituo cha utamaduni cha Ndere, kule Ntinda, kilichoanzishwa na Stephen Rwangyezi, mtoto anaona muziki ukitengenezwa na mikono ya watu. Anaona Ekitaguriro ya Ankole, mikono imeinuliwa kama pembe za ng'ombe. Anaona Runyege ya Bunyoro na Tooro, ambayo mlio wake unatoka kwenye njuga za miguuni. Anaona Larakaraka ya Waacholi na vibuyu vyao. Kwa mtoto hili ni jambo kubwa: anatambua sauti inatoka wapi. Muziki wa kurekodiwa, mwimbaji akifungua tu mdomo jukwaani, haumfundishi hivyo. Angalizo ni kwamba maonyesho ya pale huwa ya jioni na huendelea mpaka usiku, kwa hiyo nendeni mkijua mtaondoka kabla hayajaisha.

Desemba kuna pia maonyesho ya Krismasi makanisani, yenye kwaya za watoto, na shule nyingi hufanya tamasha mwisho wa muhula. Tamasha la shule nalipenda sana kwa mtoto anayeanza. Ni fupi, waimbaji ni watoto kama yeye, na akisimama kucheza kwenye njia hakuna atakayemkaripia.

Wiki moja kabla, mtayarishe kwa vyombo vyenyewe. Nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, mtaani Kiganda, lakini ngoma inaeleweka kwa lugha zote mbili. Mwonyeshe engalabi, ile ngoma ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge, na umwambie mapema kwamba inapiga kwa nguvu. Ngoma ikilia ghafla humtisha mtoto, lakini ile anayoisubiri humfurahisha. Mweleze amadinda, ile marimba kubwa ya mbao, jinsi wapigaji wanavyokaa wakitazamana, kila mmoja akijaza nafasi anayoiacha mwenzake. Binti yangu alilicheza hilo na kaka yake kwa vijiko na meza, na siku ya tamasha macho yake hayakubanduka kwa wale wapigaji.

Kuhusu saa: mtoto alale mchana, ale chakula halisi kabla ya kutoka, si soda na biskuti za getini. Foleni ya Kampala ikikukalisha saa nzima kwenye teksi, mtoto atafika amechoka kabla ngoma ya kwanza haijapigwa. Tokeni mapema. Boda boda naiona ya haraka lakini kwa mtoto mdogo siipandi, hasa usiku wakati wa kurudi. Na miezi ya mvua, Aprili na Mei, kisha Septemba hadi Novemba, beba koti la mvua na nguo ya pili hata kama asubuhi jua linawaka.

Mkifika, msikimbilie viti. Nendeni chooni kwanza, wote wawili, ajue kilipo. Mwonyeshe mahali pa kukutania. Mpige picha kwa simu akiwa na nguo za siku hiyo, na mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Watoto hupotea kwenye umati kwa kufumba na kufumbua, na mzazi mwenye hofu husahau hata rangi ya shati la mwanawe. Ukishapiga hiyo picha, weka simu mfukoni. Mtoto akishtuka hukugeukia akutazame usoni ajue kama mambo ni salama. Akikuta mgongo wa simu badala ya uso wako, hapati jibu.

Akitaka kucheza, cheza naye. Akitaka kukaa mapajani kimya muda wote, mwache. Wapo watoto wanaosikiliza hivyo, wakiganda kama hawapo, kisha keshoye wanaimba kila wimbo jikoni. Usimsukume jukwaani eti apigwe picha na wanamuziki. Ndugu na mashangazi watasema mtoto ni mwoga. Wajibu kwa heshima kwamba anaangalia kwanza.

Na akisema amechoka, ondokeni. Naam, hata kama imebaki nusu ya onyesho, hata kama tikiti ilikuwa ghali. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, dakika thelathini au arobaini za furaha zinatosha kabisa. Toka naye kwanza nje, mpe maji, mtembee kidogo. Akitaka kurudi, mrudi. Asipotaka, twende nyumbani. Kwa sababu hii hii mlikaa karibu na njia ya kutokea.

Keshoye mtafutieni kopo, mlitie maharage makavu, mlifunge kwa gundi vizuri yasimwagike akayameza, awe na ensaasi yake, yaani kayamba ya kutikisa. Muulize ni chombo gani anataka kukiona tena, kisha mchague tamasha lijalo kwa jibu lake.