Mafuriko yalitupiga wote, sasa mpango tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mimi mjumbe wa serikali ya kijiji huku Rufiji. Mafuriko ya 2024 yalitufagilia mpunga wote, sasa tunatakiwa tuandike mpango wa mabadiliko ya tabianchi ila kila mtu anasema yeye ndo kaumia zaidi, wengine wanataka tuta la kuzuia maji, wengine wanasema tuhame wote bondeni. Tunaanzaje?

JIBU: Pole sana mjumbe. Hilo la kuhama liwekeni pembeni kwanza, waulizeni wazee habari za Operesheni Rufiji, baada ya mafuriko ya 1968 watu walitolewa bondeni wakapelekwa juu, sawa nyumba zilipata usalama ila mashamba yakabaki kulekule, watu wakawa wanashuka kulala kwenye madungu kulinda mpunga. Na maji ya Rufiji yakishuka si ndo mnapanda mlau, yale mazao ya kwenye unyevu wa mafuriko? Sasa mtu wa fomu kutoka mjini ataandika bonde ni hatari, basi kamaliza.

Kina cha maji peke yake hakikwambii nani kaumia. Chukua majirani wawili, wote maji yaliwafika kiunoni, mmoja ana duka na mtoto wake yuko Dar anamrushia hela kwa simu, mwenzie mjane, shamba la kukodi, mbegu zote zilikuwa kwenye kiroba chini ya kitanda. Wa kwanza anajipanga upya, huyu wa pili msimu unaofuata anakopa hadi mbegu. Kwahiyo piteni nyumba kwa nyumba mkiuliza: nani alikwambia maji yanakuja, chakula kilikuwa wapi, ulisimamaje tena? Kina mama kaeni nao peke yao manake mkutanoni wanaume ndo wanaongea, wafugaji na wavuvi msiwasahau.

Majibu hayo ndo yatawaonyesha cha kufanya, labda ghala la mbegu kwenye mwinuko, orodha ya wenye mitumbwi, mtu wa kupokea utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) autangaze msikitini. Tuta mimi naliogopa bila injinia, likijengwa vibaya linafungia maji ndani.

Halafu muda jamani! Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini bajeti halmashauri inapikwa miezi mingi kabla, mkutano mkuu wa kijiji upitishe mapema mpango uende kata, na muhtasari wenye sahihi mbaki na kopi.