Protini za kloroplasti na ile swali moja iliniangusha

Juzi usiku, umeme ndo umetoka kukatika, ujumbe ukaingia wa mudogo wangu mumoja wa biolojia hapa Bukavu: "Kaka, bamenipa suje ya ngisi mumea unachunga usawa wa protini ndani ya kloroplasti. Nisome nini?" Nilicheka peke yangu mu giza. Ile suje ya kloroplasti, kale kafuko ka kijani ndani ya seli ya mumea kenye kutumia jua kutengeneza chakula, ilishaniliza siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho.

Miaka tatu imepita lakini ata shati nilivaa ile siku naikumbuka. Nilikuwa nimebeba mu kichwa TOC na TIC (milango ya kuingiza protini mu kloroplasti), Clp, FtsH na Deg (zenye kutafuna protini mbovu) na shaperoni zote (zenye kusaidia protini kujikunja muzuri), naimba kama mutoto wa katekisimu, promota, mwalimu mwenye aliniongoza, anafurahi. Halafu profesa mumoja wa juri, bale benye kunipima, muzee wa pole kabisa, akauliza: "Sawa, na mulango yenyewe ya TOC, ikizidi ao ikiharibika, nani anaitoa?" Nikasema FtsH. Akaangalia benzake. Kuko mwenye alicheka, na mi mpaka leo sijamusamehe, Mungu anisaidie. Bakanirudisha.

Nilijua majina, sikujua fasi. Mu kloroplasti munafanya kazi protini karibu 3000, na yenyewe inatengeneza kama mia tu, ata haifike, zingine zote zimeandikwa mu nyukliasi, fasi seli inachunga ADN yake, zinatengenezwa inje ya kloroplasti kisha zinapita ku TOC na ku TIC. Sasa FtsH iko ndani, ku tilakoidi, zile ngozi za ndani zenye kukamata jua, na TOC iko ku ngozi ya inje. Itaifikia wapi? Jibu ilishatoka 2012: mutafiti Paul Jarvis na benzake balionyesha protini moja, SP1, inakaa palepale ku ngozi ya inje, inabandika ku TOC ubikwitini, alama ya kusema "hii ivunjwe". Mu 2019 bakaongeza protini zingine mbili, SP2 na CDC48, zenye kuivuta inje mpaka proteasomu, mashini ya kuvunja protini mu sitosoli (maji ya seli inje ya kloroplasti), inaimaliza. Na mi nilikuwa na ile artikli mu telefone! Sikuifungua.

Basi mudogo, shika protini moja uifate kuanzia kuzaliwa mpaka kufa. Mi nilichukua D1. Inatengenezwa mulemule ndani, inaingia mu fotosistemu II, mashini moja ya kukamata jua, jua inaipiga, inaharibika, FtsH inaitafuna, mpya inakamata fasi yake, na kukiwa jua kali hiyo kazi haipumuzike. Kisha uone Rubisco, enzimu yenye kukamata CO2: vipande 8 vikubwa vinatoka ndani, 8 vidogo vinatoka inje, shaperoni moja, Cpn60, inasaidia vile vikubwa vijikunje muzuri, na vidogo vikikosa wenzake vinavunjwa. Pale njo nilielewa usawa ni nini: kila protini kwa kipimo yake, yenye kuzidi ao kuharibika inatolewa. Mama yangu anauzisha nyanya ku Kadutu, yenye imeanza kuoza anaitoa mbele ya kuchafua zingine, na hajasoma biolojia ata siku moja.

Sisi bavijana tunapenda majina makubwa, tunapenda kuonekana. Tuache. Kama haujue protini iko upande gani wa ngozi, usiitaje mbele ya bantu. Narudia tena: protini moja, uifate.

Nilirudi kisha miezi ine, nikapata 15 ku 20. Ule muzee akauliza swali ileile. Nilimujibu SP1, lakini macho nilikuwa nimeyatupa ku ule mwenye alicheka.