Mwalimu wa Kompyuta Anajibu: Mashine Zimefika, Kazi Iko Wapi?

Mwalimu, shikamoo. Naratibu kituo cha vijana katika eneo ambalo wengi hawajawahi kugusa kompyuta. Kampuni moja imetupa mashine zake za zamani, zote za Windows 10. Chumba tunacho, umeme upo, intaneti inasuasua. Wenzangu wanataka tutangaze darasa la miezi mitatu, tutoe vyeti, halafu ndipo tuwatafutie vijana nafasi za kujifunza kazi maofisini. Tuanzie wapi?
*Mratibu wa kituo*

Marahaba. Wenzako wamepanga vizuri, ila wamepanga kinyume. Anzieni maofisini.

Kabla hamjabandika tangazo hata moja, nendeni kwa watu mnaotarajia wawapokee vijana wenu: zahanati, shule, ghala, chama cha akiba, yeyote mwenye makaratasi. Msiwaulize kama wanahitaji mtarajali. Kwa adabu watasema ndiyo, na siku ikifika simu haitapokewa. Waulizeni ni kazi gani ya kompyuta imewarundikia na hakuna mwenye muda wa kuifanya. Hapo ndipo mtu hufungua kabati akakuonyesha madaftari ya stoo ya miaka kadhaa, au orodha ya wateja ambayo jina moja limeandikwa kwa namna nne. Huo ndio mtaala wenu. Ofisi tatu zikikuonyesha madaftari ya stoo, basi spredishiti (programu ya majedwali na hesabu) ipewe muda mwingi kuliko kitu kingine chochote, na lile somo la herufi zinazoruka kwenye slaidi mlitupe. Sijawahi kuona ofisi inayomlipa mtu kwa herufi zinazoruka.

Nasisitiza hili kwa sababu mashine peke yake imeshajaribiwa, tena kwa fedha nyingi. Peru iligawa kompyuta mpakato za mpango wa One Laptop per Child kwa wanafunzi wa shule za msingi, hasa vijijini. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ilitoa tathmini iliyohusisha shule 319. Baada ya miezi 15 hivi, alama za hisabati na lugha za watoto waliopewa hazikuwa na tofauti na za wale ambao hawakupewa. Kompyuta zilifika na zilitumika, ila walimu hawakuwa wameandaliwa vya kutosha kuziingiza kwenye masomo.

Sasa tazama mfano wa pili. Mwaka 2000, mjini Boston, Gerald Chertavian alianzisha mpango uitwao Year Up kwa vijana wa kipato cha chini: miezi sita darasani, miezi sita ofisini, na posho. Watafiti waliwagawa waombaji kwa bahati nasibu, wengine wakaingia, wengine wakabaki nje, kisha wakafuatilia mapato yao. Miaka kadhaa baadaye, walioingia walikuwa bado wanapata fedha nyingi zaidi kuliko wenzao. Kuna jambo moja kwenye mpango huo ambalo watu hulipita haraka: ofisi zinazopokea vijana huchangia gharama. Ofisi iliyotoa fedha haimsahau kijana kwenye benchi la mapokezi. Zenu huenda hazitaweza kutoa fedha, basi zitoe kitu kingine chenye uzito, kama saa moja kila wiki ya mfanyakazi aliyetajwa kwa jina, ambaye atakaa na kijana wapitie kazi yake. Liandikeni hilo kwenye makubaliano, na kama meneja anasita kuandika jina, hiyo ofisi iacheni.

Kuhusu mashine zenyewe: Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11 kwa kukosa chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 au kwa sababu prosesa yao imepitwa. (Nadhani ndiyo sababu zimewafikia ninyi.) Msizitupe. Wekeni Linux Mint, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, na LibreOffice, programu za uchapaji na majedwali, vyote bure, mwanafunzi ajifunze humo folda, faili, fomula na uchapaji. Lakini ombeni pia mashine moja au mbili zenye programu zilezile zinazotumiwa na ofisi zitakazowapokea. Kijana akifika kazini akakuta vitufe vimehama, ataganda, na bosi atadhani hajui kitu.

Intaneti ya kusuasua isiwaumize kichwa sana. Kolibri ni mfumo wa masomo unaokaa ndani ya kompyuta moja chumbani na kuzihudumia nyingine bila mtandao wa nje, na programu ya Kiwix hukuwezesha kuhifadhi Wikipedia nzima kwenye diski. Bando mlilo nalo liwekeni kwa mambo yasiyoweza kufundishwa bila mtandao: kufungua barua pepe, kuandika ujumbe wenye kichwa cha habari na kiambatisho, kutambua ujumbe wa kitapeli, kuweka neno la siri ambalo si tarehe ya kuzaliwa. Barua pepe msiipuuze. Kijana anaweza kujua fomula zote, halafu akamtumia mkurugenzi barua isiyo na salamu wala jina, yenye faili linaloitwa “mpya mpya 2”.

Cheti toeni mkipenda. Mimi ningempa kila mmoja folda yenye kazi alizofanya yeye mwenyewe: orodha aliyoisafisha, ripoti ya ukurasa mmoja, jedwali lenye hesabu zinazojijumlisha. Mwajiri akiuliza anajua nini, afungue folda.

Mwalimu, siku hizi kila mtu ana simu janja. Huu mwanya wa kidijitali mnaousema, kati ya wanaotumia teknolojia na wasioitumia, umeshazibwa na simu. Kwa nini fedha zisiende kwenye minara, badala ya madarasa ya kompyuta?
*Msomaji mwenye mashaka*

Ndugu yangu, kwanza si kila mtu. Kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2024 na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, watu bilioni 2.6 hivi duniani walikuwa hawatumii intaneti kabisa, karibu theluthi ya binadamu wote. Na katika mwaka huohuo, zaidi ya asilimia 90 ya watu walikuwa wanaishi palipo na mtandao wa 4G. Linganisha namba hizo mbili. Wengi wa waliobaki nje mnara wanao. Kinachowazuia ni bei ya simu na bando, kutojua pa kuanzia, kutoikuta lugha yao humo ndani, au kutoona la kufanyia. Mnara zaidi hauwasaidii hao.

Pili, hata mwenye simu. Chukua yako, fungua orodha ya majina mia mbili, ipange kwa tarehe, ondoa yaliyojirudia, jumlisha malipo, kisha itume kama faili linalofunguka vizuri kwa mpokeaji. Inawezekana, sikatai. Lakini hakuna anayeajiriwa kuifanya hivyo siku nzima. Simu inatosha kupokea huduma. Kazi za ofisini bado zimekaa kwenye kibodi.

Na kwa kuwa umetaja fedha: mwaka 2024 ITU hiyohiyo ilikuta asilimia 70 ya wanaume wanatumia intaneti, wanawake 65. Darasa la jioni lisilo na mahali pa kumweka mtoto litaongeza pengo hilo hata likiwa la bure. Fedha kidogo za kumlipa mlezi wa watoto zinaweza kuleta wanafunzi wengi kuliko kompyuta mpya.

Mwalimu, shikamoo. Nilimaliza mafunzo ya kompyuta nikapata nafasi ya tarajali kwenye ofisi kubwa. Tangu nifike natumwa kutoa fotokopi na kupeleka bahasha. Sina akaunti kwenye mfumo wowote. Dada mmoja huwa ananipa neno lake la siri nikimsaidia kazi. Nauli natoa mwenyewe. Baba anasema nishukuru, wenzangu hawakupata. Niache?
*Mtarajali*

Marahaba mwanangu. Usiache bado, ila neno la siri la huyo dada liache leo. Mfumo hauoni uso, unaona jina la mwenye akaunti. Rekodi ikifutika, yeye ataulizwa, naye atakutaja wewe, na hutakuwa na karatasi ya kujitetea. Mwambie kwa upole kwamba kituo chako kimekukataza. Mimi nimekukataza.

Kukosa akaunti mara nyingi si dharau. Mtu wa mifumo anaogopa kumpa mgeni mamlaka ya kubadilisha kitu, na hakuna aliyemwambia wewe upo kwa kazi gani. Omba akaunti ya kusoma tu, isiyoweza kufuta wala kuhariri. Hiyo hutolewa kwa urahisi zaidi. Kisha chagua kazi moja uliyoiona inawachosha, kwa mfano daftari la barua zinazoingia, hizo hizo unazozibeba. Tengeneza jedwali lake kwa majina ya kubuni, si ya kweli, umwonyeshe msimamizi wako na umwombe kwa maandishi akuruhusu kulitunza kwa wiki mbili. Ombi la “nataka kujifunza” ni rahisi kulijibu kwa “subiri kidogo”. Jedwali lililo mbele yake litamlazimu aseme ndiyo au hapana.

Nauli ni jambo jingine, na hapa sikubaliani na baba, kwa heshima zote. Mafunzo ya kazi yasiyo na posho huwachuja vijana kwa mifuko ya wazazi wao, halafu tunashangaa waliobaki ni walewale. Juni 2023 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora (kujifunza fani kwa kuifanya kazini), linalotaka mwanagenzi awe na makubaliano ya maandishi na alipwe ujira au fidia ya kutosha. Linahusu uanagenzi, si tarajali kama yako, na halina nguvu ya kuibana ofisi yako. Lakini mratibu wa kituo chako anaweza kulitumia akienda kuzungumza nao. Mwandikie: kazi unazofanya, saa unazokaa, nauli unayotumia. Usilalamike kwenye barua hiyo, orodhesha tu.

Wiki mbili zikipita na bado uko kwenye mashine ya fotokopi, mwombe mratibu akuhamishie ofisi ndogo. Najua jina la ofisi kubwa linapendeza kwenye wasifu. Kwenye ofisi ya watu wanne, lakini, printa ikigoma hakuna mwingine wa kuitwa, na hesabu za mwezi zikichelewa utaketishwa mbele ya kibodi upende usipende. Kabla hujaondoka, omba barua inayotaja kazi ulizofanya. Hata hizo bahasha ziandikwe, kwa jina lake halali: usambazaji wa nyaraka.