Jibu: Kadi ina salio, kizuizi cha Nairobi Expressway hakifunguki

Salama mkuu. Kwa hiyo umetoka Uyole, Mbeya, na Noah mpaka Mlolongo, lango la Nairobi Expressway (barabara ya juu ya kulipia), kadi ina salio, kizuizi kimegoma. Angalia kwanza ulipanga foleni ipi. Lango lenye maandishi ETC (kulipa kielektroniki) ni la magari yenye kile kidude kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Mashine inakisoma chenyewe. Kadi ya MTC (ya kulipia kwa mhudumu) unapita nayo lango lenye mhudumu, ukiingia na ukitoka, maana tozo inafuata umbali. Sisi wa Kitonga, Iringa, mambo haya tutayajulia wapi!

Ukishakwama usirudi nyuma, malori yatakusaga. Washa taa za hazadi, ita mhudumu. Safari moja tu? Pita Mombasa Road ya chini, bure, ila foleni yake uijue.